Tuijue Nchi Yetu: Maziwa Mawili Ndugu na Maji ya Ruvuma



Mwezi huu twapenda kusema zaidi na ndugu zetu wa Mtwara, Mikindani, Msimbati na vijiji vyote vilivyo karibu na mlango wa mto Ruvuma. Wasomaji wetu wa miji mingine twawaomba wasifungue ukurasa mwingine, kwani hakuna nyumba isiyotumia maji, wala hakuna maji yasiyotoka kwa jirani.

Kijana wa Mtwara akiulizwa mto Ruvuma unatoka wapi, hujibu kama alivyofundishwa darasani, ya kwamba unatoka katika milima ya Matagoro karibu na Songea. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni nusu ya jibu. Bonde lote la Ruvuma lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 155,000. Theluthi moja yake iko Tanzania na karibu theluthi mbili ziko Msumbiji, na kipande kidogo sana, kisichofika hata sehemu moja katika mia, kimo ndani ya Malawi. Watu wengi hawakijui kipande hicho kidogo. Nacho ndicho tunachotaka kukieleza leo, kwa kuwa huko kuna ziwa la maji haba lililo juu ya uwanda, na maji yake hushuka mpaka yakaingia katika bahari yetu.

UWANDA USIO NA ZIWA NA UWANDA WENYE ZIWA

Sisi tuna uwanda wetu wa juu, nao ni uwanda wa Makonde. Mtu akisimama Newala huliona bonde la Ruvuma chini yake kama aliye juu ya dari. Mvua hunyesha uwandani humo, mikorosho na mihogo hustawi, lakini ziwa hakuna wala mto wa kudumu hakuna. Sababu yake ni kwamba udongo wa juu ni wa mchanga, na maji yanyeshayo huzama chini mara moja, kisha huja kutokea katika chemchemi zilizo chini ya magenge. Wazee wetu wa Kimakonde, na hasa mama zetu, walitembea mwendo mrefu kushuka kuyafuata maji hayo na kuupanda tena mlima hali wamejitwika mitungi vichwani. Basi watu wa Mtwara wanajua vizuri kwamba kuwa juu si lazima kuwa na maji.

Sasa tuvuke mto, tuelekee kusini na magharibi, tuifuate mipaka ya Msumbiji na Malawi. Huko, kiasi cha mita 620 juu ya usawa wa bahari, kuna bonde pana lililotambarare kama sinia. Magharibi yake iko milima ya Zomba, na kusini yake uko mlima Mlanje, ambao kilele chake chapita mita 3,000. Chini ya sinia hilo hakuna mchanga mtupu kama wa Makonde, bali kuna tope zito la mfinyanzi lililoletwa na mito kwa maelfu ya miaka. Tope hilo halipitishi maji upesi, basi maji yamekaa yakawa ziwa. Nalo sasa si ziwa moja bali ni mawili, la kusini likiitwa Chilwa na la kaskazini likiitwa Chiuta.

Yote mawili hayana kina. Chilwa kwa kawaida halipiti mita 2 hivi, na Chiuta halizidi mita 5. Msomaji aliyeliona ziwa Nyasa, ambalo kina chake chapita mita 700, ataona ajabu kwamba maziwa haya ni majirani zake. Mvuvi wa Chilwa huusukuma mtumbwi wake kwa upondo, kama vile watu wetu wafanyavyo wakati wa maji kupwa.

UKINGO WA MCHANGA

Zamani za kale maziwa hayo yalikuwa ziwa moja. Wataalamu wa ardhi wameziona fukwe za kale zilizo juu zaidi kuliko ufuo wa leo, nazo zaonyesha kwamba maji yalikuwa mengi yakaenea bonde lote. Kisha mawimbi na upepo vikakusanya mchanga kidogo kidogo, ukawa ukingo mrefu uliolikata ziwa katikati, na maji yaliposhuka, upande mmoja haukuweza tena kuufikia mwingine.

Tokea hapo ndugu hawa wawili wakaachana hali zao. Chiuta lilibakiwa na mlango. Maji yake hupita katika vinamasi vya kaskazini yakaingia ziwa dogo la Amaramba lililo Msumbiji, na kutoka hapo huanza mto Lugenda. Kwa kuwa maji yake huingia na kutoka, Chiuta ni ziwa la maji matamu mpaka leo. Ama Chilwa, halina mlango wowote. Mito ya Domasi, Likangala, Thondwe, Phalombe na mingineyo huingia ndani yake, na hakuna hata mmoja unaotoka. Njia pekee ya maji hayo kuondoka ni kupanda juu kwa joto la jua, na jua huchukua maji matupu likaiacha chumvi. Kwa hiyo maji ya Chilwa ni ya chunyu na magadi. Watu wa huko zamani walikuwa wakiuchukua udongo wa kando ya ziwa, wakauchuja kwa maji na kuyachemsha maji hayo mpaka wakapata chumvi ya kula na ya kuuza, kama vile Mtwara sisi tunavyoipata yetu kwa kuyaanika maji ya bahari.

Tazameni basi, ndugu wasomaji. Mvua ya nchi moja na jua la mbingu moja hulishukia kila moja kati ya maziwa hayo, na kinachoyatenga ni ukingo wa mchanga tu. Na ikawa moja lina maji ya kunywa na la pili lina maji ya chunyu, kwa sababu moja hupokea na kutoa, na la pili hupokea na kuzuia.

NJIA YA MAJI NA NJIA YA WATU

Mto Lugenda ukitoka Amaramba huenda kaskazini na mashariki kilomita nyingi katika nchi ya Wayao, ukapita ndani ya hifadhi kubwa ya wanyama ya Niassa, kisha ukaungana na Ruvuma mahali paitwapo Negomano. Hapo uko kinyume cha wilaya ya Nanyumbu ya mkoa wetu wa Mtwara, na toka hapo mpaka baharini ni zaidi ya kilomita 200. Karibu na makutano hayo ndipo lilipojengwa Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, kati ya Mtambaswala na Negomano. Fikra ya daraja hilo ilikuwa ya Mwalimu Nyerere na Samora Machel tangu mwaka 1975, nalo likafunguliwa tarehe 12 Mei 2010. Wengi waliolivuka hawakujua kwamba miongoni mwa maji yapitayo karibu na mahali pale yamo yaliyotoka katika ziwa la Malawi.

Wazungu nao walihangaika sana na jambo hili. David Livingstone aliliona ziwa Chilwa mwezi wa Aprili mwaka 1859. Akatamani Ruvuma uwe ni mto utokao ziwa Nyasa, ili merikebu ziweze kupanda kutoka bahari yetu mpaka bara. Alijaribu kuupanda mwaka 1861 na tena mwaka 1862, akazuiwa na mafungu ya mchanga na mawe. Mwaka 1866 aliteremka Mikindani, akaufuata mto kwa miguu mpaka Negomano, kisha akafika Mwembe, mji wa Mataka, mtawala wa Wayao. Baadaye, mwaka 1883, balozi wa Kiingereza aliyekuwa Msumbiji, Henry O'Neill, alikwenda kwa miguu mpaka Chilwa na Amaramba, akathibitisha kwamba Lugenda hautoki Chilwa, bali watoka Amaramba.

Wayao lakini hawakuhitaji kungoja balozi awaambie. Misafara yao ilikwisha zoea njia hizo tangu zamani, ikiteremka Kilwa na Mikindani na pembe za ndovu na tumbaku, na, twasema kwa masikitiko, na wanadamu waliouzwa. Waliporudi bara walirudi na nguo na shanga, na katika karne ya kumi na tisa wakarudi pia na dini, na waalimu na vitabu. Ndiyo maana mpaka leo msafiri akenda kando ya Chiuta au kusini ya ziwa Nyasa atasikia adhana, na atakuta watu wasomao Kurani kama isomwavyo Mikindani. Njia iliyopitwa na maji ndiyo iliyopitwa na watu, na mema na mabaya yalipita humo yote.

ZIWA LIKAUKALO

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Ziwa lisilo na kina ni mali yenye hatari, kwa sababu halina akiba. Mvua ikikosa miaka miwili au mitatu, Chilwa hukauka. Lilikauka mwaka 1968, likakauka mwaka 1995, likakauka karibu lote mwaka 2012, na mwaka 2018 likapungua tena mno. Mahali palipokuwa pakielea mitumbwi watu walitembea kwa miguu juu ya tope lililopasuka.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Malawi na wenzao walilichunguza ziwa hilo wakati wa ukame wa 1968 na baada yake, na mwaka 1979 Margaret Kalk na wenziwe wakatoa kitabu juu yake. Waliona kwamba kabla ya kukauka maji huzidi chumvi, upepo hulikoroga tope la chini, na samaki hukosa pumzi wakafa kwa wingi. Lakini hawafi wote. Kambare, ambaye anaweza kuvuta hewa ya juu ya maji, hujificha vinamasini na katika vidimbwi vya mito, na perege na dagaa wa kwao waitwao matemba hubaki wachache katika mito iingiayo ziwani. Mvua ikirejea, hao wachache hutoka, wakazaa, na baada ya miaka 3 au 4 ziwa hujaa samaki kama kwamba halikupatwa na jambo.

Ziwa lenyewe lina sehemu tatu zinazokaribia kulingana. Sehemu moja ni maji wazi, ya pili ni vinamasi vya majani marefu, na ya tatu ni mbuga zinazofurika wakati wa mvua. Wavuvi wengine hujenga vibanda juu ya majani humo humo ziwani, viitwavyo zimbowera, wakakaa siku nyingi bila ya kurudi nchi kavu. Katika miaka ya neema ziwa hilo dogo limetoa hata sehemu moja katika tano ya samaki wote waliovuliwa Malawi. Ndege wa majini huja kwa makundi makubwa, na wengine hutoka Ulaya kukimbia baridi. Kwa hiyo mwaka 1996 Chilwa likaandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima.

Basi kila ziwa linapokauka, maisha yake yote hutegemea hivyo vinamasi na hiyo mito midogo, ambavyo mtu asiyejua huviona ni upotevu wa ardhi. Akivikausha vyote vikawa mashamba, au akivivua vidimbwi mpaka samaki wa mwisho, mvua itarudi na ziwa litajaa maji, lakini hakutakuwa na mbegu. Na mtu mwenye njaa haambiwi neno hili akalisikia kwa urahisi. Ziwa likikauka, mvuvi huwageukia ndege, au huingia mlimani kukata miti ya makaa, au huhama na nyavu zake kwenda ziwa la watu wengine.

Na mlima uliokatwa miti hautoi maji, hutoa udongo. Mwezi wa Machi mwaka 2023 kimbunga Freddy kilipiga kusini mwa Malawi. Mvua ya siku chache ikashusha matope na mawe kutoka Mlanje na milima ya Zomba, vijiji vya Phalombe vikafagiliwa, na katika Malawi yote watu zaidi ya 1,000 walikufa au hawakuonekana tena. Nchi iliyokuwa ikilia kiu miaka michache nyuma ikawa inalia gharika.

WAVUVI WA CHIUTA

Katika habari hizi zenye uzito, imo moja ambayo twapenda kila kijana wa pwani yetu aijue. Kabla ya mwaka 1995 walifika Chiuta wavuvi wageni kutoka maziwa mengine ya Malawi ambayo samaki wake walikwisha pungua. Walikuja na nyavu za kukokota ziitwazo nkacha, zenye matundu madogo, mfano wa majuya yetu. Wenyeji walikuwa wakivua kwa madema, jarife na ndoana. Nyavu za wageni zilitibua maji ya ziwa hilo lisilo na kina yakawa tope tupu, zikang'oa majani ambayo ndiyo mazalio ya samaki, zikavunja madema na kuzoa samaki wachanga ambao hawajazaa hata mara moja.

Wenyeji wangaliweza kusema, "Nasi tununue nyavu kama zao tupate kabla hawajamaliza." Ndivyo yalivyokwisha maziwa mengi na miamba mingi. Wao hawakufanya hivyo. Walikutana, wakasema na wakuu wa vijiji, wakaunda kamati za pwani zao, wakakubaliana kwamba nkacha haitavuliwa tena katika Chiuta, na wakaitaka idara ya uvuvi iwaunge mkono, ikawaunga. Mwaka 1995 wageni walitolewa. Kazi haikwisha siku hiyo, kwani baadhi yao walihamia upande wa Msumbiji wa ziwa hilo hilo, na samaki hawajui mpaka. Illa twaona kwamba watu wasio na mali nyingi walilinda maji yao kwa umoja wa neno lao, nao walianza wenyewe kabla ya kungoja askari.

NA SISI JE?

Sisi wa mlango wa Ruvuma ndio wa mwisho kupokea maji hayo, na wa mwisho hupokea yote, yaliyo mema na yaliyo mabaya. Udongo uliopotea bara huja ukatua katika mikoko yetu na juu ya matumbawe yetu. Mvua kubwa ya bara ni mafuriko katika mashamba ya mpunga ya bondeni. Ndiyo maana Tanzania na Msumbiji walipatana mwaka 2006 kuwa na tume moja ya pamoja kwa maji ya Ruvuma, na kabla ya hapo, mwaka 2000, ikawekwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Mlango wa Mto Ruvuma, yenye kilomita za mraba 650 za mikoko, mchanga, matumbawe na bahari. Na ndani ya hifadhi hiyo wamo watu na vijiji vyao, wala hawakuhamishwa kama walivyohamishwa watu wa hifadhi nyingine.

Lakini tume na hifadhi ni karatasi mpaka watu wazitie roho. Ni nani miongoni mwetu asiyejua madhara ya baruti iliyovunja matumbawe ya pwani hii kwa miaka mingi? Mlipuko mmoja huua samaki wa mshipi na wa dema, mkubwa na mchanga pamoja, na mwamba uliovunjika haurudi katika umri wa aliyeuvunja. Na samaki wale waliuzwa sokoni, wakanunuliwa, wakapikwa majumbani mwetu. Mvuvi wa baruti hakuwa peke yake. Alikuwa na mnunuzi.

Kwa hiyo maneno yetu ya mwezi huu twayaelekeza kwanza nyumbani, kwani soko huanza jikoni. Mama anayekwenda sokoni amtazame samaki kabla ya kumtia kapuni. Samaki wa baruti hulegea upesi na mifupa yake huvunjika ndani, na mama zetu wa pwani wanalijua hilo kuliko sisi tunaoandika. Akimwacha mezani kwa muuzaji, amefanya kazi ambayo mlinzi wa hifadhi hawezi kuifanya. Baba mwenye shamba kando ya mto auache ukingo na miti yake, asilime mpaka majini, kwani ukingo ukilimwa shamba lenyewe ndilo linalokwenda baharini. Na mkoko si kuni za bure. Kila mkoko uliosimama ni nyumba ya kamba na kaa, na ni ukuta mbele ya nyumba ya mtu siku ya kimbunga, na mwezi wa Aprili mwaka 2019, wakati kimbunga Kenneth kilipoelekea pwani yetu kisha kikaangukia Cabo Delgado, tuliona jinsi hatari ilivyo karibu.

Nanyi vijana mnaosoma, chukueni ramani siku moja mkae na wadogo zenu. Wekeni kidole Msimbati, mpande na Ruvuma mpaka Negomano, mkate kushoto muufuate Lugenda mpaka Amaramba na Chiuta. Kisha pimeni upana wa ule ukingo uliowatenga ndugu wawili. Mtaona kwamba mtoto wa Kiyao anayeteka maji asubuhi kando ya Chiuta, na mtoto wa Msimbati anayeokota chaza wakati wa maji kupwa, ni watoto wa bonde moja, ingawa hawatakutana. Na mkisha kuona hivyo, mwulizeni baba yenu ni nani aliye katika kamati ya uvuvi ya kijini kwenu, na mara ya mwisho ilikutana lini. Ikiwa haikukutana, hapo ndipo pa kuanzia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe mvua yenye manufaa, na atupe akili ya kuitunza ikisha kushuka.